Bwawa Katika Njia ya Fisi Maji

Fisi maji asiye na kucha hategemei sana macho anapowinda. Huinamisha kichwa kwenye maji ya kina kifupi huku mikono yake ya mbele ikipapasa chini ya mawe, kwenye mizizi na ndani ya matope, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka mkekani taa ikiwa imezimika. Vidole vya mikono hiyo havina kucha. Vinakunjika, vinakamata, vinageuza. Sharubu zake hupokea mtikisiko wa kiumbe anayejongea karibu. Kaa wa mto aliyejibana chini ya jiwe huvutwa nje na kutafunwa pamoja na gamba lake, na kukicha ushahidi unakuwa juu ya mwamba: kinyesi kilichojaa vipande vya magamba. Ni mnyama mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Uzito wake ni kati ya kilo 10 na 18, wengine huzidi hapo, na kutoka pua hadi ncha ya mkia hufikia mita moja na nusu. Wanaoishi kando ya mito wanaweza kumaliza miaka mingi bila kumwona. Wanaziona nyayo zake tu, na siku moja wanaukuta ukingo wa bwawa umetapakaa magamba ya samaki.

Hapo ndipo anapoanza kuwa adui.

Nimekuwa nikifikiri juu ya uadui huu tangu nilipoanza kupita kwenye mabonde ya Njombe, kule ambako kiangazi watu hushuka chini kulima vinyungu kwa sababu ardhi ya mlimani imekauka. Kati ya matuta ya kabichi na mahindi mabichi utayaona mabwawa ya samaki, mengi yakiwa madogo, mita 10 kwa 15 au chini ya hapo, yaliyochimbwa kwa jembe na sururu na watu wa nyumba moja. Ufugaji wa samaki si jambo geni Tanzania. Majaribio ya kufuga perege mabwawani yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya. Siku hizi vifaranga huzalishwa kwenye vituo kama Kingolwira mkoani Morogoro na Ruhila mjini Songea, na Nyanda za Juu Kusini pamoja na Ruvuma zimo miongoni mwa sehemu ambako bwawa la familia limekubalika kweli. Maji yapo, mfinyanzi upo, na nyama ni ghali.

Lakini tazama bwawa hilo kwa upande wa mnyama. Kina chake ni nusu mita upande mmoja na mita moja au zaidi kidogo upande wa pili, kina kilekile ambacho fisi maji asiye na kucha hupenda kupapasa. Mfugaji ametia samadi na mboji ili maji yawe ya kijani, kwa kuwa ukijani ndio chakula cha samaki, na tena huwaficha wasionekane na ndege. Kwa mdiria na mnandi dawa hiyo husaidia. Kwa mwindaji anayeona kwa vidole, ukijani si kitu. Ndugu yake mdogo, fisi maji mwenye madoa shingoni, yule wa Ziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa, hutegemea macho na hupenda maji maangavu. Bwawa la namna hii lingemsumbua. Huyu wa vijitoni halimsumbui hata kidogo. Kijitoni ageuze mawe kwa muda mrefu apate kaa wachache. Bwawani wamo samaki mia tatu wasio na pa kukimbilia, na hakuna jiwe la kugeuza. Isitoshe, bwawa limechimbwa katikati ya njia yake. Mito ndiyo barabara yake ya kila usiku, naye hutembea kilomita kadhaa akifuata ukingo. Hakutoka porini kuja kutuvamia. Amefuata njia aliyoizoea, akakuta pamewekwa chakula.

Nasema hivi bila kumtetea kwa mepesi, maana hasara anayoitia ni ya kweli na huwaangukia watu wasio na akiba. Njombe ni baridi. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake hukausha majani ya viazi. Perege na sato wanataka maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na kukua polepole. Samaki ambaye Morogoro angefaa kuvuliwa baada ya miezi sita, huku huweza kuchukua karibu mwaka. Kwa hiyo anapobebwa samaki mmoja wa gramu 150, kinachobebwa ni pumba za mahindi za misimu miwili, majani yaliyokatwa kila jioni, na ahadi ya sare ya shule. Fisi maji mkubwa anaweza kula kilo moja na nusu kwa usiku. Hao ni samaki kumi. Akiwa jike mwenye watoto wawili waliokwisha kujifunza kuwinda, na wakaridhika na bwawa lile lile, wiki mbili zinatosha kulimaliza.

Mama mmoja wa huko, mjane, aliniambia maneno ambayo sijaacha kuyafikiria. Nilimsalimu, "Kamwene, mama," akaitikia, akaniketisha kwenye gogo karibu na bwawa lake, akanionyesha ukingo ulivyochakaa pale mnyama anapopandia. "Mwanangu," alisema, "angekuwa anachukua wawili watatu anaenda zake, ningemwachia. Hata mimi nimepanda mahindi, najua ndege lazima ale. Huyu anarudi. Anarudi kila siku mpaka nabaki na maji." Alikuwa amejaribu alichoweza. Alifunga mbwa, na mbwa akabweka usiku wa kwanza na wa pili, kisha akazoea. Alitundika mashati makuukuu. Kijana wake alilala kwenye kibanda kando ya bwawa wiki nzima mwezi wa Juni, akapata kichomi. Jirani alimshauri aweke sumu.

Kabla ya sumu kuna swali ambalo wengi hawalipi muda wake: ni nani hasa anayekula? Samaki wanaopungua bwawani wana wezi wengi. Kenge hula, tena mchana kweupe. Ndege aitwaye fundi chuma husimama kwenye maji mafupi akachota vifaranga. Wapo ndege wengine, wapo vyura wakubwa wanaomeza vifaranga wapya, wapo binadamu wenye nyavu wanaojua kwamba lawama itamwangukia mnyama. Na wapo samaki wanaokufa alfajiri kwa kukosa hewa, bwawa likiwa limetiwa samadi kupita kiasi. Hao huchukuliwa na yeyote aliyetangulia kuamka. Fisi maji huacha alama zake: nyayo pana za vidole vitano, kinyesi chenye magamba ya kaa kilichorundikwa mahali pamoja, vipande vya samaki ukingoni. Asiyeziona alama hizo, akamwua mnyama wa kwanza atakayempata mtoni, hajaliponya bwawa lake. Kwa mama yule alama zote zilikuwepo. Hatia ya mnyama wake sina shaka nayo.

Na hata hivyo sumu ni njia mbaya. Simaanishi kwamba ni mbaya kwa mnyama peke yake. Dawa ya kuua wadudu ikipakwa kwenye samaki na kuachwa ukingoni haichagui atakayeila: mbwa wa jirani ataila, fundi chuma ataila, mvua itaisukuma ndani ya maji yale yale ambayo bonde zima huyachota na watoto huyaoga. Mtego wa chuma nao hukamata mguu wowote. Na ukishamwua, umepata nini? Kipande cha mto chenye chakula hakikai bila mwenyewe. Kijana mwingine wa jamii yake, aliyefukuzwa kwao akitafuta pa kuishi, atafuata ukingo ule ule na kupandia pale pale. Atakayeamua kuua atalazimika kuua kila mwaka, na mto utaishiwa fisi maji kabla bwawa halijawa salama. Tayari Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira umeziweka spishi zote mbili, asiye na kucha na mwenye madoa shingoni, kwenye kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Kuna jambo jingine linalosahaulika hasira inapopanda. Chakula kikuu cha fisi maji huyu kwenye mito ni kaa. Wachunguzi waliopekua vinyesi vyake huko Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1970, walikuta hivyo, na wengine mahali pengine wakakuta hivyo pia. Sasa muulize mfugaji yeyote ni kitu gani hutoboa kingo za bwawa hadi maji yakavuja usiku na asubuhi akakuta tope. Atakwambia kaa. Kaa huchimba mashimo kwenye mfinyanzi, shimo likikutana na jingine ukingo unalegea. Mnyama anayeiba samaki wako ndiye yule yule aliyekuwa akila kaa wako kabla hujamchimbia kitu bora. Na kaa hao si wa kuchezea: katika Milima ya Usambara wapo usubi ambao mabuu yao hukua yakiwa yameshika migongoni mwa kaa wa mto, na usubi ndio waenezao upofu wa mtoni. Sisemi kwamba fisi maji anatukinga na ugonjwa huo. Nasema bonde lina mambo mengi yaliyoshikamana kuliko hesabu ya samaki waliobaki, na sisi tunaoliingilia kwa jembe hatuyajui hata nusu.

Tuje kwenye haki, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wa porini ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi wote. Ni kanuni nzuri, nami naiunga mkono. Lakini ifuate hadi kwenye bwawa la mjane yule. Mnyama ni wetu sote, mimi wa mjini nikiwemo, ninayefurahi kujua kwamba yupo. Samaki ni wa mtu mmoja. Kila usiku mali ya wote inakula mali ya mmoja, na sisi wenye mnyama hatutoi chochote. Nchi yetu inao utaratibu wa kifuta jasho kwa anayeharibiwa mazao au mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kanuni zake zilitoka mwaka 2011. Utaratibu huo umewekwa kwa wanyama waitwao hatari: tembo, simba, kiboko, mamba na wenzao. Fisi maji hamo. Hajeruhi watu, havunji nyumba. Hula samaki wa wanyonge tu, usiku, bila kelele. Kwa hiyo mtu aliyepoteza mahindi kwa tembo ana fomu ya kujaza, hata kama malipo hukawia na kumvunja moyo. Aliyepoteza bwawa zima hana hata fomu.

Wako waliolichukulia jambo hili tofauti. Katika Ucheki, nchi ya mabwawa ya samaki kwa karne nyingi, ambako mji wa Třeboň umezungukwa na mabwawa makubwa kama maziwa, sheria namba 115 ya mwaka 2000 humlipa mfugaji hasara iliyosababishwa na wanyama wanaolindwa na serikali, na fisi maji wa Ulaya ni mmoja wao. Waliona kwamba ukiandika sheria ya kumlinda mnyama bila kuandika nani atalipia chakula chake, umemwachia bili mfugaji. Sitaki tuinakili sheria hiyo nzima nzima. Nchi tajiri yenye mabwawa ya mamia ya hekta haiwezi kuwa kipimo cha kinyungu cha Njombe, na ninajua jinsi fedha ya fidia inavyopungua ikishuka ngazi moja baada ya nyingine. Ila lile wazo lililo chini yake ni la haki hapa kama lilivyo la haki kule.

Kwa hali yetu, naona fedha ya umma ingefanya kazi zaidi ikitangulia hasara. Nazungumzia uzio. Uzio ndiyo njia pekee niliyoona ikimzuia fisi maji kwa muda mrefu bila kumdhuru, na si kazi ya kitaalamu isiyowezekana. Wavu wa chuma wenye matundu madogo, urefu wa mita moja na robo hivi, juu ukiinamishwa upande wa nje ili asipande. Chini uzikwe nusu mita, au ukunjwe nje na kufunikwa kwa udongo, maana akishindwa kupita juu hujaribu chini. Mahali maji yanapoingilia na kutokea pafungwe kwa wavu pia, kwa kuwa bomba lililo wazi ni mlango. Mianzi ya ulanzi, ambayo mkoa ule umejaliwa, inafaa kwa nguzo na kuimarisha, ingawa mianzi peke yake huoza mapema ikiwa majini, na mnyama mwenye nguvu kama huyu hupata upenyo.

Tatizo la uzio ni bei. Bwawa la mita 10 kwa 15, pamoja na kingo za kutembelea za mita mbili kila upande, linahitaji mita 66 za wavu. Kwa mtu wa bwawa moja hiyo ni zaidi ya anachovuna. Ndiyo maana ushauri wa kumwambia "jenga uzio" na kuondoka humfikia kama dharau. Lakini mabwawa kumi yakiwekwa pamoja, matano kwa mawili, huzungukwa kwa mita 216: chini ya mita 22 kwa kila mwenye bwawa. Theluthi moja. Mabonde mengi ya vinyungu tayari yana majirani waliopakana, kila mmoja na bwawa lake, kila mmoja akikesha peke yake na mbwa wake. Wangeweza kuwa na uzio mmoja na zamu moja ya kuukagua, na halmashauri ingeweza kuwanunulia wavu kama inavyowanunulia vikundi vingine pembejeo. Afisa uvuvi anapokuja kufundisha vipimo vya bwawa na idadi ya vifaranga, uzio uwemo kwenye hesabu ya siku ya kwanza, kabla jembe halijagusa udongo. Tunawafundisha watu kuchimba kando ya mto halafu tunashangaa mto unapowatembelea.

Kando ya mto, nimesema. Na hapo pana jambo linalotuhusu sisi kuliko mnyama. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye mabonde membamba ya Njombe, mita 60 ndiyo bonde lote. Huwezi kumwambia mjane aache kinyungu chake bila kumpa pengine pa kulima. Lakini kati ya mita 60 na kulima hadi ukingoni kabisa kuna nafasi. Kule ambako matete yamefyekwa, mikaratusi ikapandwa kwenye chemchemi, tope la mashamba ya viazi likafunika mawe na dawa za viazi zikatiririkia humo humo, kaa hawana pa kuishi. Kijito kinabaki mfereji wa maji. Fisi maji aliyezaliwa humo hana cha kupapasa, na bwawa la jirani linakuwa chakula pekee kilichobaki kwenye njia yake. Uzio utalinda samaki, hilo sina wasiwasi nalo. Nina wasiwasi na uzio unaojengwa huku kijito kikiachwa kife, kwa sababu huo unamfungia nje mnyama ambaye huko nje tumemmalizia kila kitu.

Katika bonde la mama yule wameanza kuzungumzia uzio wa pamoja. Kikao nilichokaa kilifanyika chini ya mti, watu tisa, na hesabu ya wavu haikuwasumbua sana, walishagawana. Kilichowavuta muda mrefu ni ule mstari kati ya uzio na kijito. Mzee mmoja alitaka uzio ushuke hadi majini ili hata mita moja isipotee. Wengine walisema ukingo uachwe na matete yake, mnyama apite na aendelee na kaa wake, la sivyo atakesha akisukuma wavu mpaka aupate upenyo. Kinyungu cha mama ndicho cha mwisho kuelekea kijito, kwa hiyo yeye ndiye wa kutoa ardhi. Alisema atatoa matuta mawili ya kabichi. Wenzake wanataka manne, na wamemwambia watamlipa kwa samaki wakati wa kuvua. Yeye anataka kwanza waandike ni samaki wangapi, na mwenyekiti wa kitongoji atie saini.